Hoja (thamani unazozipa fanksheni) za fanksheni za prosesa katika C: dhana potofu na ukweli

Dhana: fanksheni ikitaka int (namba kamili), int yoyote itapita.

Hapa ndipo wengi hukwama. Katika `_mm_shuffle_epi32(x, n)`, inayopanga upya namba nne za vekta x (namba kadhaa zinazoshughulikiwa kwa pamoja), n inaonekana kama int ya kawaida, kumbe namba hiyo huandikwa ndani ya amri ya prosesa yenyewe, biti 8, wakati wa kukompaili. Haipiti kwenye rejista, hifadhi ndogo ya ndani ya prosesa. Vekta yenye 10, 20, 30, 40 ukiipa 0x1B hutoka 40, 30, 20, 10. Ukiipa kigeu kilichosomwa kutoka kwa mtumiaji, kompaila ya GCC inakataa katakata.

Kinachochanganya zaidi ni hiki: ukiifunga `_mm_shuffle_epi32` ndani ya fanksheni yako ya `static inline`, kwa `-O2` (kompaila ikiboresha kodi) inaweza kupita, maana kompaila imeshaichomeka mahali ilipoitwa na kuiona namba. Siku ukirudi `-O0` (bila uboreshaji) kutafuta hitilafu, kodi ileile inagoma. Tumia `#define` au `enum`. Kama chaguo ni chache, andika `switch` yenye namba wazi kwenye kila `case`. Tena usiweke kanuni moja kwa zote: `_mm_slli_epi32` hukubali kigeu, `_mm_slli_si128` haikubali. Soma maelezo ya kila moja.

Dhana: kubadili aina kwa mabano hubadili thamani.

Kwa vekta, biti hubaki zilezile. Tuseme una vipimo vinne vya unyevu wa kahawa ya Masaka, kimoja ni 13.5. Ukiigeuza vekta hiyo ya float (namba zenye desimali) kwa `(__m128i)`, aina ya vekta ya namba kamili, utasoma 1096286208. `_mm_cvttps_epi32` hukata desimali, upate 13. `_mm_cvtps_epi32`, kwa mpangilio wa kawaida, hukupa 14. Kompaila ikilalamika kwamba aina za vekta hazilingani, usikimbilie `-flax-vector-conversions`. Inanyamazisha lalamiko tu, na kosa linabaki ndani.

Dhana: ikikompailika kwenye laptop Kampala, itakompailika kwenye Raspberry Pi iliyoko shambani.

Majina ya ndani ya GCC yanayoanza na `__builtin_ia32_` ni ya x86 (prosesa za Intel na AMD) pekee. Raspberry Pi, kompyuta ndogo, hutumia ARM, aina nyingine ya prosesa. Heda yake (faili linalotangaza fanksheni hizi) ni `arm_neon.h`, yenye aina zake kama `int32x4_t`. Tenganisha kwa `#ifdef __SSE2__` na `__ARM_NEON`, kisha weka C ya kawaida kwa prosesa nyingine zote. Hata kwenye x86, ita majina ya heda badala ya `__builtin_ia32_`, kwani haya GCC huweza kuyaondoa toleo likibadilika.