Kibanio cha nguo kinavyoweza kulinda mlango

Mimi ni fundi wa ving'ora, na mara nyingi naulizwa na watu wasioweza kununua mtambo wa dukani kama inawezekana kujitengenezea kwa vitu vilivyomo nyumbani. Inawezekana, na kanuni yake ni ya zamani. Augustus Pope, Mmarekani, alipata hataza ya king'ora cha umeme mwaka 1853, na kiini chake kilikuwa hiki: mlango au dirisha likifunguliwa, saketi, yaani njia ya umeme, inakamilika na kengele inalia.

Njia ya haraka kabisa ni kopo la bati lenye sarafu chache, ukaliegemeza kwenye mlango unaofungukia ndani. Kwenye sakafu ya saruji au vigae linapiga kelele ya kutosha. Kwenye zulia halina maana. Hata hivyo linalia mara moja tu, na aliyelala fofofo anageuka upande wa pili akaendelea na usingizi. Ndiyo maana napenda kibanio.

Tafuta kibanio cha nguo cha mbao chenye springi ngumu. Menya waya wa shaba, uzungushe kwenye kila mdomo wa kibanio mara tano au sita, pale midomo inapokutana, kisha usugue kwa msasa mpaka shaba ing'ae. Watu wengi hutumia foili, lakini foili huchanika upesi na mara nyingi hugusa vibaya. Unganisha upande mmoja na betri ya volti 9, upande mwingine na baza (kile kifaa kidogo kinacholia), na mguu wa pili wa baza urudi kwenye betri. Baza iwe ile inayolia yenyewe ikiunganishwa na betri ya volti 9. Sasa kata kipande cha plastiki kwenye kadi ya zamani, ukitoboe, ukifunge uzi, ukiingize katikati ya ile midomo. Kibanio kikazwe kwenye fremu, ncha ya uzi ifungwe kwenye mlango.

Mlango ukisogea, plastiki inachomoka, shaba inagusana na shaba. Hapo ndipo kifaa hiki kinaponifurahisha: mwizi akiushtukia mlango na kuurudisha, kelele haikomi, kwa sababu plastiki haijirudishi yenyewe.

Uzi uachie ulegevu wa sentimita moja au mbili, la sivyo upepo ukitikisa mlango utaamshwa bure, na king'ora kinachoamsha watu bure huzimwa na mwenye nyumba kabla ya wiki kwisha. Kona za plastiki zikate ziwe mviringo zisinase. Na uzi uivute plastiki moja kwa moja. Ukivuta kwa mshazari, kibanio huinama nayo badala ya kuiachia.

Betri haichoki wakati wa kusubiri, kwa kuwa hakuna mkondo unaopita. Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu wake: waya ukikatwa, kimya, nawe unalala ukidhani umelindwa. Kwa dirisha la nyuma, linalofikiwa na mtu mwenye koleo, nageuza mpango. Napitisha waya mwembamba mbele ya dirisha, ukiunganisha mguu wa beisi wa transista ndogo kama BC547 (swichi inayowashwa na mkondo mdogo unaoingia kwenye beisi) na upande hasi wa betri. Mguu wa emita nao unaungwa kwenye upande hasi, na baza inakaa kati ya upande chanya na mguu wa kolekta. Rezista, yaani kipunguza mkondo, ya kiloomu 47 inatoka upande chanya kwenda kwenye beisi hiyo hiyo. Waya ukiwa mzima, mkondo wa rezista unapita humo na transista imelala. Ukikatika, mkondo unaelekea kwenye beisi, transista inafunguka, baza ndogo inalia. Kusubiri huku kunakula takriban miliampia 0.2, kwa hiyo betri ya alkalini ya miliampia-saa 500 hukaa zaidi ya miezi mitatu. Hapa mwizi anayekata waya anajitangaza mwenyewe.

Jambo moja silikubali hata kwa kubembelezwa: kuunganisha umeme wa ukutani na kitasa au nondo za dirisha. Huo unaua, na wa kwanza kushika kitasa huwa mtoto wa nyumbani. Wala usiegemeze vitu vizito vya kuangukia watu, au kuziba mlango mtakaokimbilia moto ukizuka.

Baza iwe karibu na anayelala, kibanio kibaki mlangoni. Waya mrefu ni rahisi kuliko sauti kubwa. Ukimaliza, mtu mmoja alale kitandani, milango ya ndani imefungwa na feni inazunguka kama kawaida ya usiku, mwingine atoke nje aufungue mlango polepole, kidogo kidogo, kama afanyavyo mtu asiyetaka kusikika. Mlango ukifika upana wa kupitisha mkono kabla baza haijalia, punguza ulegevu wa uzi, mrudie tena.