Vali Ndogo ya Rejeta: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika nyumba ya zamani inayopashwa joto kwa mvuke, rejeta, yaani chombo cha chuma kinachotoa joto chumbani, ikibaki baridi lawama huiangukia ile vali ndogo ya hewa ubavuni mwake. Mara nyingine ina hatia kweli, mara nyingine inasingiziwa. Ninazungumzia mfumo wa bomba moja, ambamo mvuke hupanda na maji yake hurudi kwa njia ileile.

"Vali ndiyo inayoleta mvuke chumbani."

Kazi yake ni kutoa hewa. Rejeta iliyopoa imejaa hewa, na mvuke hauna pa kuingia mpaka hewa hiyo itoke. Mvuke ukiifikia vali, kilichomo ndani yake hupata moto, hutanuka na kuziba tundu. Boila, yaani mtambo unaochemsha maji kuwa mvuke, likizima na mvuke ukageuka maji, tundu hufunguka tena ili hewa irudi. Vali inayofuka mvuke mfululizo, basi, imekwama wazi. Ikitema maji, usikimbilie dukani: tazama kwanza kama boila limejazwa kupita kiasi, kama maji yake ni machafu, au kama rejeta haijainama kidogo kuelekea bomba. Hayo hayaponi kwa vali mpya.

"Ongeza presha, joto litafika."

Hii ndiyo dhana inayoua vali nyingi. Boila la nyumbani hutosheka na presha isiyozidi paundi 2 kwa inchi ya mraba, na wengi hulipunguza zaidi ya hapo. Presha ikipanda, vali zinaweza kubaki zimefungwa wakati bado kuna hewa ndani, au kuharibika kabisa, huku mafuta au gesi ikiteketea bure. Kidhibiti cha presha huketi juu ya kijibomba kilichopindwa kama mkia wa nguruwe, nacho huziba kwa kutu. Kikiziba, kidhibiti hakihisi kitu na boila huendelea kuchemka tu. Fundi akisafishe kabla hujanunua vali hata moja, la sivyo mpya zitafuata njia ya zile za zamani.

"Rejeta ya mbali ni baridi, iwekee vali ya kasi kuliko zote."

Shuka kwanza chini ya nyumba, yalipo mabomba makuu. Mwishoni mwa kila bomba kuu panatakiwa vali kubwa ya hewa. Katika nyumba nyingi imeziba, au mtu aliing'oa na kupachika kizibo. Hapo hewa yote ya bomba hulazimika kupenya kwenye vijitundu vya rejeta, na chumba cha mwisho husubiri hadi kidhibiti joto kinalizima boila. Mabomba makuu yatoe hewa upesi. Rejeta zitoe polepole. Baada ya hapo ndipo unapopanga kasi: rejeta kubwa au ya mbali ipewe vali ya haraka kidogo, ile iliyo karibu na kidhibiti joto ipewe ya taratibu. Vali za kampuni ya Gorton, kwa mfano, huanzia namba 4, 5 na 6, kisha C na D iliyo ya kasi zaidi. Panda ngazi moja moja.

"Chumba kikizidi joto, funga bomba nusu."

Hapana. Katika bomba moja, vali ya kuingizia mvuke huwa wazi kabisa au imefungwa kabisa. Nusu hunasa maji, na usiku utasikia mlio kama wa nyundo ukutani.

"Kubadilisha vali ya hewa kunataka nguvu."

Kunataka subira. Zima boila, acha rejeta ipoe, fungua kwa mkono au kwa spana ndogo. Hesi zake kwa kawaida ni za inchi 1/8, na shaba ya zamani ni laini. Mimi niliwahi kutumia spana ndefu kwa kiburi; nusu ya vali ikabaki ndani ya chuma, na jioni nzima ikaishia kuichokoa. Zungushia hesi za mpya utepe kidogo bila kuziba tundu, kaza kwa kiasi, na ihakikishe imesimama wima. Ikilala haifanyi kazi.

Rejeta ya maji moto, ile yenye kijitundu cha kufunguliwa kwa ufunguo, ni habari nyingine. Uking'oa kitu hapo, kitakachotoka ni maji.

"Vali ya hewa ikiziba, haina maisha tena."

Si lazima. Kama haijapakwa rangi juu ya tundu, ichemshe kwenye siki, isuuze, iache ipoe. Kisha ishike wima na uipulize kwa mdomo: ikipitisha hewa irudishe, isipopitisha itupe.