Kiwango cha lazima ni nini?

Kiwango ni makubaliano kuhusu namna kitu kinavyoundwa ili bidhaa za viwanda mbalimbali zishikane: umbo la tundu, idadi ya pini, umeme unaopita. Kinakuwa cha lazima pale sheria inaposema kuwa bidhaa isiyokifuata haitauzwa.

Mfano tulio nao mkononi ni tundu la chaja. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliyochoshwa na aina zipatazo 30 za chaja, iliwataka watengenezaji wakubwa wa simu waelewane wenyewe. Wakakubali kutumia tundu la aina moja, micro-USB. Aina zilipungua kweli, ila mkataba ule wa hiari uliacha mwanya: anayetaka tundu lake abaki nalo, mradi adapta ipatikane. Apple ikapita humo, na mwaka 2012 ikaleta tundu lake, Lightning.

Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 2022. Tangu 28 Desemba 2024, simu, tableti, kamera na headphone mpya zinazochajiwa kwa waya na kuuzwa katika Umoja wa Ulaya lazima ziwe na tundu la USB-C. Laptop zilipewa muda hadi 28 Aprili 2026. Apple haikusubiri tarehe. iPhone 15 ilitoka Septemba 2023 ikiwa na USB-C, na si kwa Ulaya peke yake, kwa sababu kutengeneza matoleo mawili ya simu moja ni gharama. Hivyo sheria ya soko moja ikaingia hadi mifukoni mwa watu wasio na kura huko.

Je, inaua ubunifu, kama Apple ilivyolalamika? Naona hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Atakayebuni tundu bora kesho atalazimika kungoja sheria ibadilishwe, na kungoja huko si jambo dogo. Lakini USB-C haikubuniwa na serikali. Ni kazi ya kampuni zenyewe, ya mwaka 2014, na mwaka 2021 uwezo wake wa kupitisha umeme ulipandishwa kutoka wati 100 hadi 240. Umbo limefungwa, ushindani umehamia kwenye kasi ya kuchaji na udogo wa chaja.

Kinachowachanganya wanunuzi ni kingine. Nyaya mbili za USB-C zinaweza kufanana kama mapacha, mmoja ukaishia wati 60 na mwingine ukafika 240. Kwa chaja ni vivyo hivyo, ndiyo maana sheria hiyo inadai kila kifaa kiwe na lebo ya wati kinazohitaji.