Eka tatu si mali ya kuuza

Barazani, Unguja na Pemba, utasikia: "Eka za marehemu babu ni zetu, tukitaka tunauza." Sivyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, na kuanzia 1965 serikali ikawagaia wakulima eka tatu tatu. Alichopewa mkulima ni haki ya kutumia: achume karafuu, aangue nazi, apande muhogo penye nafasi. Udongo ulibaki wa serikali, na sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 ikatamka kwamba ardhi ni ya umma, chini ya Rais wa Zanzibar. Kwa hiyo ile karatasi ya mauzo wanayoandikiana watu mbele ya mashahidi (bado wanaandikiana!) haimfanyi mnunuzi mwenye ardhi.