Kadi ya sauti ni nini, na kwa nini kompyuta ya zamani hukaa kimya

Kadi ya sauti ni sehemu ya kompyuta inayogeuza namba kuwa umeme wa kutikisa spika, na kugeuza umeme wa maikrofoni kuwa namba. Wimbo ukiwa ndani ya diski ni namba tupu; ukifika kwenye waya wa spika ni umeme unaopanda na kushuka. Mageuzi hayo hufanyika ndani ya chipu moja ndogo. Kwa hiyo kompyuta inaponyamaza, swali la kwanza ni hili: sauti imefia upande gani wa chipu, upande wa namba au upande wa umeme? Asiyejiuliza hivyo hupanda daladala mpaka Kariakoo, akanunua kadi nyingine, akairudisha nyumbani na kukuta ukimya ni uleule.

Wimbo wa kiwango cha CD umepimwa mara 44,100 kila sekunde. Sikio zima la binadamu husikia mitetemo isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde, na ili kuinasa yote ni lazima upime zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 au 1, maana yake ni ngazi moja kati ya 65,536. Ukihesabu kushoto na kulia, kadi inapokea biti 1,411,200 kila sekunde. Kwa kompyuta hata ya mwaka 2003 huo ni mzigo mwepesi, ndiyo maana mashine ambayo haiwezi tena kufungua kurasa za leo bado inafaa kabisa kupiga muziki saluni au kurekodi kwaya na kaswida.

Kadi ina sehemu mbili zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni kidhibiti, kinachozungumza na kompyuta. Ya pili ni kodeki, yaani hiyo chipu ya mageuzi, ambayo kwa kawaida utaiona karibu na matundu ya kuchomekea spika. Mwaka 1997 kampuni ya chipu ya Intel ilitoa utaratibu wa sauti wa AC'97, na mwaka 2004 ukafuata HD Audio. Kwa taratibu hizo kidhibiti kilihamia ndani ya chipu kubwa za madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, na kodeki ikabandikwa papo hapo kwenye ubao. Kwa hiyo mtu anayesema kompyuta yake haina kadi ya sauti, mara nyingi inayo. Haioni tu kama kadi kwa sababu ni sehemu ya madabodi yenyewe. Kadi ya kuchomeka huhitajika pale kodeki ya ubaoni imekufa, inapovuma kupita kiasi, au matundu yake yamelegea.

Kadi za kuchomeka ni za namna tatu, kulingana na sloti, yaani tundu refu la kwenye madabodi ambamo kadi huingia. Za ISA ndizo kongwe, ndefu na zenye meno mapana. Sound Blaster ya mwanzo, ya mwaka 1989, ilikuwa ya kizazi hicho, na ilikubidi uuambie kila mchezo kwa mkono anwani ya kadi (220) na namba za njia zake za kuwasiliana na kompyuta (IRQ na DMA). Hizo leo ni za wakusanyaji. Za PCI huingia kwenye sloti yenye urefu wa kama sentimita 8.5, mara nyingi nyeupe, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye kompyuta nyingi zenye prosesa za Pentium 4 na Core 2 Duo zilizotoka maofisini. Za PCI Express huingia kwenye kisloti kifupi cha sentimita 2.5. PCI na PCI Express haziingiliani hata kidogo, basi fungua keisi uone una sloti gani kabla hujatoka nyumbani.

Pima na kimo pia. Kompyuta nyingi za mitumba mjini ni zile nyembamba za ofisini, na keisi hizo hukubali kadi fupi tu, ambayo bati lake la nyuma lina kimo cha kama sentimita 8. Bati la kawaida lina sentimita 12 na halitaingia. Dukani, usiulize jina la kwenye boksi. Soma namba iliyochapwa juu ya chipu. Kadi nyingi za bei nafuu za PCI, ziwe na jina gani, zimebeba chipu ya CMI8738 ya C-Media, na namba hiyo ndiyo itakayokupa draiva, programu ya kuiendesha kadi.

Kufunga

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha keisi kabla ya kushika kadi. Unyevu wa pwani hupunguza umeme tuli, lakini chumba chenye kiyoyozi hukausha hewa, basi usiiache hatua hiyo.

Tazama meno ya kadi. Ikiwa imekaa muda mrefu kwenye hewa ya bahari yetu, dhahabu yake huwa imefifia au ina utando mweusi. Sugua taratibu kwa kifutio cha penseli kufuata urefu wa meno, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha ikauke kabisa. Kazi hiyo ya dakika mbili imefufua kadi nyingi zilizokwisha kuhukumiwa.

Chagua sloti iliyo mbali na kadi ya picha, kwa sababu kadi ya picha hutoa joto na kelele za umeme zinazoingia kwenye sauti. Toa bati la kuziba nyuma ya sloti, shika kadi kwa kingo zake, ikandamize kwa nguvu sawa pande zote mpaka meno yazame. Sasa funga skrubu ukiwa unautazama mwisho wa pili wa kadi. Keisi ikiwa imepinda, skrubu huvuta bati chini na mwisho wa ndani wa kadi hunyanyuka kwa milimita moja au mbili. Kadi ya namna hiyo leo huonekana, kesho hutoweka, na lawama zote huishia kwa draiva.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Kwenye madabodi za AC'97, pini za sauti ya mbele zina vijibanio viwili vidogo vya plastiki, jampa, vinavyounganisha pini ya 5 na 6, na ya 9 na 10. Sauti hupita hapo kwanza ndipo ifike kwenye tundu la nyuma. Mtu akizichomoa ili kuweka waya wa matundu ya mbele, kisha waya huo usikae vizuri, tundu la nyuma hunyamaza kabisa ingawa kila kitu kwenye skrini kinaonekana kizima. Rudisha jampa mbili, sauti inarudi. Kwenye madabodi za HD Audio jampa hizo hazihitajiki.

Ukiwasha, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya madabodi, na uzime sauti ya ubaoni ili vifaa viwili visigombanie nafasi ya kwanza. Andika kando ulichobadilisha. Betri ya CR2032 kwenye madabodi ikichoka, na kompyuta ikizimwa ukutani kila usiku au umeme ukikatika, mipangilio yote hurudi ya kiwandani na sauti ya ubaoni huamka yenyewe. Dalili yake ni saa: tarehe ikirudi nyuma miaka kadhaa, badilisha betri kabla ya kugusa kitu kingine.

Draiva

Draiva ni programu inayoufundisha mfumo wa kompyuta namna ya kuzungumza na kidhibiti. Usiitafute kwa kubahatisha. Kwenye Windows fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kifaa chenye alama ya njano, kisha sehemu ya Details, uchague Hardware Ids. Utaona maandishi yenye VEN na DEV. VEN ni mtengenezaji: 10EC ni Realtek, 1102 ni Creative, 13F6 ni C-Media, 1106 ni VIA. DEV ni chipu yenyewe. Ukiwa na namba hizo mbili huwezi kuuziwa draiva isiyo yako. Kosa lenye namba 28 linasema draiva haipo. Lenye namba 10 linasema draiva ipo ila kifaa kimeshindwa kuanza, na hapo shuku draiva ya toleo jingine au kadi isiyokaa sawasawa.

Weka draiva ya chipseti, yaani zile chipu kubwa za madabodi, kwanza, ya sauti ifuate. Ukikiuka mpangilio huo kwenye Windows XP, kidhibiti cha HD Audio kinaweza kisionekane kabisa, na programu ya sauti italalamika kwamba haioni kifaa.

Ikinyamaza

Anza mwishoni, kwa sababu mwishoni ndiko rahisi. Chomeka sabufa au spika zako kwenye simu. Zikilia, spika na waya wake ni vizima. Kisha chomeka hedifoni kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta. Rangi hizi zina maana: kijani ni sauti inayotoka, waridi ni maikrofoni, bluu ni sauti inayoingia kutoka redio au mikisa, kifaa cha kuchanganya sauti. Kwenye kadi zenye matundu mengi, jeusi na la chungwa ni ya spika za ziada, na wimbo wa kawaida unaweza usisikike kabisa huko.

Sasa cheza wimbo, ufungue orodha ya vifaa vya sauti. Kuanzia Windows Vista na kuendelea, pembeni ya kila kifaa kuna vijiti vinavyopanda kwa kijani sauti inapopita. Kipimo hiki kina thamani kuliko programu yoyote ya kutengeneza sauti. Vijiti vikipanda kwenye kifaa chako na husikii kitu, upande wa namba umefanya kazi yake. Tatizo liko kwenye kodeki, tundu, jampa au waya. Vikipanda kwenye kifaa kingine, hasa HDMI, njia ya picha na sauti ya kadi ya picha, basi sauti inapelekwa kwenye skrini isiyo na spika: chagua kadi yako iwe ya kwanza. Visipopanda popote, hakikisha huduma ya Windows Audio inaendeshwa, na ujaribu programu nyingine ya kuchezea muziki.

Njia ya kukata shauri ni kuwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kufuta chochote. CMI8738 na kodeki nyingi za Realtek hutambuliwa bila kutafuta draiva. Fungua dirisha la amri (terminal), andika aplay -l uone kama kadi ipo kwenye orodha, kisha alsamixer, ambayo huonyesha viwango vya sauti. Mhimili wenye herufi MM chini umezibwa. Bonyeza M kuufungua. Ikilia hapo, kadi ni nzima na shida iko ndani ya Windows.

Mivumo na maikrofoni

Mvumo mzito usiobadilika ni umeme wa ukutani wenye mitetemo 50 kwa sekunde. Hutokea kompyuta na ampu (kikuza sauti) zikiwa kwenye soketi mbali mbali, kila moja na njia yake ya ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Zichomeke kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Usikate pini ya ethi, hata ukiambiwa ndiyo dawa. Pawa saplai isiyo na ethi huacha kwenye keisi takribani nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, lakini ndio ule mwasho unaousikia ukigusa chuma, na ukichomeka waya wa ampu wakati kila kitu kimewashwa, umeme huo unaweza kupita kwenye tundu la sauti na kuiua kodeki. Nyumba isiyo na ethi inahitaji fundi umeme.

Kelele za mikwaruzo zinazobadilika ukisogeza mausi ni jambo jingine. Ziba maikrofoni na viingizo vyote usivyotumia kwenye mikisa ya skrini, yaani dirisha la viwango vya sauti, na uisogeze kadi sloti moja mbali zaidi. Sauti ikikwaruza muda wote, tazama kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme vya kwenye madabodi: iliyovimba kichwani au kuvuja imekwisha.

Tundu la waridi hutoa volti chache za kuendesha maikrofoni ndogo za kompyuta. Maikrofoni ya jukwaani haizihitaji, na umeme wake ni mdogo mno, hivyo utasikia sauti ya mbali hata ukiongeza desibeli 20. Ipitishe kwenye mikisa kwanza, kisha utoe kutoka mikisa uingize kwenye tundu la bluu. Ukiingiza mikisa kwenye la waridi, sauti itapasuka hata ukiishusha, kwa sababu tundu hilo linatarajia milivolti chache na mikisa inaleta mamia. Hedifoni ya simu yenye pete tatu nyeusi kwenye pini utaisikia, ila maikrofoni yake haitafanya kazi kwenye tundu la kompyuta ya zamani bila kigawanyo cha matundu mawili.

Kadi ikihamishwa sloti zote, ikasafishwa, na Linux isiione hata kwa amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya PCI, hiyo imekufa kweli. Wakati huo kijikadi cha USB huwa na nafuu kuliko kuhangaika na PCI nyingine. Hata USB ya zamani ya megabiti 12 inatosha kwa biti milioni 1.4 za muziki, na vingi vya bei ndogo hufanya kazi kwenye Windows XP bila draiva ya nje. Kichomeke nyuma, moja kwa moja kwenye madabodi. Matundu ya USB ya mbele kwenye keisi za zamani mara nyingi yana waya mbovu, na sauti itakatikakatika.