Je, wajua kwa nini paramediki wa ndege, yaani wahudumu wa dharura wanaosafiri na wagonjwa angani, hutahiniwa upya?

Ukisafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa, maliza maji yako kabla ya kuondoka stendi, kisha ifunge ile chupa tupu uikaze. Ukifika Mombasa utaikuta imebonyea kana kwamba imekaliwa. Na pakiti ya krispi iliyofungwa Pwani hufika Nairobi imevimba, tayari kupasuka. Mombasa iko usawa wa bahari, ambako hewa hukandamiza kila kitu kwa uzito wake wote. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na mkandamizo huo umepungua kwa karibu moja ya tano. Hewa iliyofungiwa mahali hutanuka unapopanda na hunywea unaposhuka. Mwanasayansi Robert Boyle alilieleza jambo hilo katika karne ya 17.

Sasa badala ya pakiti weka kifua cha mtu.

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda aliyeanguka Malindi. Ubavu umevunjika ukatoboa pafu, na hewa iliyovuja imenaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Chini pale anapumua kwa shida lakini anapumua. Apakiwe kwenye ndege aletwe Nairobi, na hewa ile itaanza kutanuka. Hata ndege yenye presha ndani yake, ikiwa juu sana, kwa kawaida humweka abiria katika hali sawa na kukaa mita 2,400 hivi juu ya bahari. Katika kimo hicho, hewa iliyotoka Pwani huwa imeongezeka kwa takriban theluthi. Pafu linabanwa, kisha moyo nao unabanwa. Ndiyo maana hewa hiyo hutolewa kwa mrija kabla injini hazijawashwa.

Kuna jambo ambalo nadhani wengi hatulifikirii: mgonjwa huyo akitua uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, bado hajashuka. Rubani anaweza kuombwa aruke chini, au aongeze presha ndani ya ndege, lakini hawezi kuishusha Nairobi yenyewe. Magurudumu yakigusa lami, ile hewa ya Malindi bado imezidi kwa zaidi ya moja ya tano. Mpiga mbizi wa Watamu aliyeibuka haraka mno na kuingiwa na viputo vya naitrojeni mwilini anaweza kuzidiwa kwa kuletwa huku juu tu, hata safari yenyewe ikiwa nyororo.

Oksijeni nayo hupungua. Mita 2,400 ndicho kimo cha Iten, mji wa wakimbiaji wetu. Mwanariadha mzima huenda huko kujenga damu yake. Aliyekwisha kupoteza damu, au mtoto mchanga mwenye mapafu mabichi, huko ni mtihani. Na mgonjwa aliyewekewa mrija wa kupumulia ana kiputo kidogo cha hewa kinachoushikilia mrija huo kooni. Kikivimba angani, hukandamiza nyama ya ndani hadi damu isipite. Paramediki aliyefunzwa hupima presha ya kiputo hicho ndege ikipanda, na tena ikishuka.

Mambo haya hayamsumbui sana anayefanya kazi kwenye ambulensi ya Thika Road, hata awe hodari namna gani. Anaweza kusimamisha gari, akasikiliza kifua kwa stethoskopu, akaomba msaada hospitali iliyo karibu. Angani kelele ya injini humeza sauti ya mapafu, na hakuna pa kuegesha. Inambidi asome mashine, rangi ya midomo, na kifua kinavyoinuka.

Kwa hiyo Marekani, tangu mwaka 2000, kumekuwa na mtihani maalumu wa paramediki wa ndege. Cheti chake huitwa FP-C, na bodi inayokitoa leo ni IBSC. Mtahiniwa huulizwa namna mwili unavyobadilika angani, mashine za kupumulia, majeraha, moyo, uzazi, watoto wachanga, na usalama wa safari yenyewe. Cheti hudumu miaka 4, kisha lazima kihuishwe. Hilo nalipenda, maana ujuzi usiopimwa huchakaa bila mwenyewe kujua.

Hapa Nairobi, AMREF, ambayo mizizi yake ni madaktari wanaoruka wa mwaka 1957, inaendesha ndege za wagonjwa kutoka Wilson, na huduma yake hiyo ina ithibati ya EURAMI, taasisi ya Ulaya. Tofauti ni hii: EURAMI hukagua kampuni, yaani ndege, vifaa na taratibu zake, ilhali FP-C humpima mtu mmoja mmoja. Ukimtafutia mzazi wako ndege ya wagonjwa, uliza yote mawili: kampuni imekaguliwa na nani, na atakayekaa kando ya machela amefunzwa wapi.

Sehemu ya usalama isidharauliwe. Viwanja vingi vya vumbi huko kaskazini havina taa, jua likizama ndege haitui vizuri pale wala haiondoki kirahisi. Katika kazi hii kuna kanuni inayofundishwa kote: ili ndege iruke, wahudumu wote wakubali, mmoja akikataa, hairuki. Paramediki anaweza kuwa na mgonjwa mahututi machelani, jamaa wakimlilia, wingu jeusi likikaribia, na bado ana haki ya kumwambia rubani, "Mimi sijaridhika, tungoje."