Chungwa au danzi? Jina moja, matunda mawili

Anayetafsiri mapishi ya Ulaya hukwama mapema kwenye tunda hili. Kamusi nyingi humpa neno “chungwa” na kumwacha hapo, ilhali mara nyingine mpishi alikusudia danzi, ndugu yake mkali na mchungu.

Danzi ndilo lililotangulia kufika Ulaya. Waarabu walilipanda Sisilia na Hispania karne kadhaa kabla ya chungwa tamu, na jina likasafiri pamoja na mche: Kisanskriti nāraṅga, Kiajemi nārang, Kiarabu nāranj. Wahispania wakapata naranja, Wareno laranja, Wahungaria narancs. Waitalia wanasema arancia, bila ile n ya mwanzo, kwa sababu katika “un narancio”, jina la mti wake, n mbili zinafuatana na sikio likaihesabia ya pili kwenye “un”. Utasoma kila mahali kwamba Waingereza nao waliidondosha vivyo hivyo, “a norange” ikawa “an orange”. Hapana. Neno liliwafikia kutoka Kifaransa, na n ilikwisha kupotea njiani.

Mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa, nao usikuchanganye. Warumi waliuita Arausio muda mrefu kabla danzi halijaonekana huko, na ukoo wa kifalme wa Uholanzi ulichukua jina la mji, si la tunda. Rangi ilikuja baadaye kwa sababu majina yalifanana.

Kisha likaja chungwa tamu, ambalo biashara ya Wareno ndiyo hasa iliyolieneza. Walionunua kwao wakaliita kwa jina la Ureno: portokáli kwa Wagiriki, portocală kwa Waromania, na hata burtuqāl ya Kiarabu, ile unayoisikia sokoni Muscat, imetoka huko. Kaskazini walitazama mbali zaidi, wakaliita tufaha la China: sinaasappel ya Kiholanzi, Apfelsine ya Kijerumani, appelsin ya Kidenmaki, apelsin ya Kirusi.

Kwa hiyo angalia kwanza kama lugha ina majina mawili, kama sisi. Mgiriki akiandika nerántzi, weka danzi. Portokáli ni chungwa. Kwa Mjerumani, Pomeranze ni danzi. Hapa ndipo watafsiri wengi huteleza: pomarańcza ya Kipolandi na pomeranč ya Kicheki ni ndugu wa damu wa Pomeranze, lakini leo yote mawili ni chungwa tamu. Kufanana kwa sura hakutoshi. Fungua kamusi ya lugha yenyewe.

Kifaransa, Kihispania na Kiingereza ni wagumu zaidi maana neno moja linabeba matunda yote mawili. Tafuta kivumishi au jina la pembeni: naranja amarga, bigarade, Seville orange, yote ni danzi. Maji ya maua yanayouzwa kama fleur d’oranger kwa kawaida hutoka kwenye mdanzi. Marmaledi ya Kiingereza vilevile hupikwa kwa danzi, lenye uchungu na pektini nyingi, yaani kile kinachoigandisha jemu. Ukitia chungwa tamu utapata jemu laini, tamu kupita kiasi. Na pishi la samaki la kabla ya karne ya 16 likitaja tunda hili, limekusudia ukali wake. Ukikosa danzi, changanya maji ya chungwa vipimo viwili na ya ndimu kimoja, kisha onja kabla ya kumwaga chunguni.